Furu ni samaki mmoja au mamia? Na sato anaingia wapi?

MamaShadya_Kirumba

Wakuu, habari za jioni.

Kuna ubishi umezuka hapa kwangu, naomba wajuzi mnisaidie kuumaliza. Nauza samaki wa kukaanga, Kirumba hapa Mwanza. Furu kwangu ni furu: wadogo, bei ya chini, nawakausha kwenye mafuta mpaka mteja anatafuna na miiba yake. Sasa mdogo wangu yuko likizo kutoka chuo. Jana kainamia beseni langu kabla sijapaka chumvi, akaanza kunipangia: huyu aina yake, huyu aina yake, akafika nane. Anasema ziwa letu hili la Victoria lina aina zaidi ya 500 za furu. Akamalizia kwamba sato ni ndugu wa furu ila sangara si ndugu yao.

500 wapi? Mimi nashika samaki hawa kila siku, ninaowaona ni wekundu, wa bluu na wa kijivu, basi. Na sato mkubwa vile anakuwaje ndugu wa kitu kinachojaa kiganjani? Nisaidieni, dogo ananisumbua na majina yake ya kizungu.

Chapa_Kasia

Furu ni furu bana. Kuleni mlale. Nakaa hapa na kahawa yangu nasubiri wajuzi.

Mwalimu_Nansio

Mama Shadya, dogo yuko sahihi, ila hiyo nane ningependa anieleze kaipataje. Furu majike karibu wote ni kijivu au manjano iliyofifia, na hata waliofanya kazi hii maisha yao yote jike mmoja tu huwatoa jasho.

Nafundisha baiolojia sekondari, na mada ya uainishaji ikifika sichori samaki ubaoni, naagiza ndoo toka mwaloni. Tuanze na udugu, kwa kuwa huo unaweza kuukagua mwenyewe kesho kabla hujawasha moto.

Mshike sato, mtazame puani. Kila upande ana tundu moja tu. Sangara ana mawili kila upande. Kisha fuata ule mstari wa vitobo ubavuni. Kwa sangara unakwenda moja kwa moja toka nyuma ya shavu mpaka kwenye mkia. Kwa sato unakatika: kipande cha kwanza kinapita juu na kuishia karibu na mwisho wa pezi la mgongo, cha pili kinaanza chini yake na kuelekea mkiani. Sasa mshike furu. Tundu moja, mstari umekatika. Furu, sato, ngege na perege wa mabwawani wote ni familia moja, Cichlidae. Sangara ni Latidae. Ukubwa wa mwili hausemi kitu hapa.

Alama kubwa zaidi iko kooni. Chukua kichwa cha furu wa kuchemsha (wa kukaanga mfupa utavunjika), fungua shavu, toa matamvua yote. Chini kabisa kwenye koo utakuta kimfupa cha pembetatu, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kimejaa meno upande wa juu. Hilo ni taya la pili. Familia hii yote ina taya la mdomoni la kukamatia na taya la kooni la kutafunia, na hilo la kooni upande wa chini mifupa miwili imeungana ikawa mmoja. Wanafunzi wangu huwa hawaamini mpaka wakiutoa kwa kibano wenyewe. Kwa sababu koo ndilo linalotafuna, mdomo umebaki huru kubadilika kwa kazi nyingine yoyote, na wataalamu wengi wanaona huo ndio mlango ambao aina nyingi hivi zilipitia.

Ukitaka kujua furu huyu ni nani, usianze na rangi. Tazama meno ya koo. Anayekula vijidudu vinavyoelea majini ana meno membamba yaliyosongamana. Anayevunja konokono, mfupa wake ni mnene na meno ya katikati yamekuwa bapa na mviringo. Mdomoni nako: anayekwangua mwani kwenye mawe ana safu za meno yenye ncha mbili mbili, anayekula samaki wenzake ana taya refu na meno ya kuchoma. Wapo wa matope, wapo wa uduvi, wapo wa wadudu. Na wapo wanaomvizia jike mwenye watoto mdomoni, wanamlazimisha awateme, wanawala. Hao walinichukiza tangu chuoni na hawajawahi kunipendeza.

MamaShadya_Kirumba

Hapo kwa watoto mdomoni nakuelewa mwalimu. Sato wakija wabichi sana unakuta kuna mwingine anatema vifaranga kwenye beseni. Nilidhani kawala.

Sasa hiyo 500 nani kazihesabu? Na kwa nini ziwa letu tu?

Mwalimu_Nansio

Hakuwala, ni mama yao. Sato jike hubeba mayai na watoto mdomoni, furu jike vilevile. Ndiyo maana mwaka 1983 mama mmoja Mwingereza, Ethelwynn Trewavas, aliwapanga ndugu wa sato kwa kufuata malezi: wanaotaga chini na kulinda akawaacha kwenye Tilapia, ambao jike peke yake hubeba mdomoni akawaweka Oreochromis, ambao baba hushiriki kubeba wakawa Sarotherodon. Kwa hiyo sato ni Oreochromis niloticus, japo kwenye menyu za hoteli anaitwa tilapia mpaka leo.

Kuhusu kuhesabu. Mjerumani Hilgendorf aliwaandika furu wa kwanza wa ziwa hili mwaka 1888. Baadaye Humphry Greenwood, aliyefanya kazi Jinja miaka ya 1950, aliwapitia mmoja mmoja kwa mifupa na meno. Mwaka 1979 na 1980 akalivunja jina la Haplochromis, lililokuwa limebeba furu karibu wote, vipande vipande, kila kundi jenasi yake. Wengi walikataa, kwa hoja kwamba mipaka aliyochora haishiki ukileta furu wapya. Ndiyo maana samaki huyohuyo kitabu hiki kinamwita Haplochromis na kile kinamwita kitu kingine. Dogo akikuletea majina mawili ya samaki mmoja, usimtilie shaka, ndivyo mambo yalivyo. Halafu kuanzia 1977 hapa hapa Mwanza kulikuwa na timu ya Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, iliyofanya kazi na wataalamu wetu. Hao ndio walioonyesha kwamba ghuba moja tu ina aina nyingi kuliko watu walivyodhani. Hiyo 500 ni makadirio na wengi humo hawana jina rasmi hadi leo. Wana majina ya muda tu ya watafiti wenyewe.

Kwa nini ziwa letu? La kwetu si la pekee, Nyasa na Tanganyika nao wamo. Linaloshangaza kwetu ni muda. Ukichimba tope la chini ya ziwa unafika kwenye udongo wa nchi kavu wenye alama za mizizi. Ziwa lilikauka, likajaa tena kama miaka 15,000 iliyopita. Furu wote hawa wametokea baada ya hapo. Uchunguzi wa vinasaba uliotoka 2017 unasema wahenga wao walikuwa mchanganyiko wa nasaba mbili, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Nile, zilizokutana na kuzaliana. Mchanganyiko huo ndio ulioleta mtaji wa kugawanyika haraka.

Wale wekundu na wa bluu unaowaona, kuna kisa. Kwenye mawe ya kisiwa cha Makobe, Ghuba ya Speke, wa bluu wanakaa juu, wekundu wanakaa chini kidogo, ambako mwanga unaofika una wekundu mwingi zaidi. Macho ya kila kundi yamejipanga kwa mwanga wa kwake, na jike wa wekundu humchagua dume mwekundu. Wa bluu anaitwa Pundamilia pundamilia. Mwekundu ni Pundamilia nyererei: walimpa jina la Nyerere mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu alioachia urais. Ukimkuta sokoni akiwa hai, mgongo mwekundu na ubavu wa njano wenye milia myeusi, utaelewa kwa nini.

Ukienda ndani ya Ghuba ya Mwanza, kisiwa cha Luanso, maji ni machafu, hayapitishi mwanga. Pale wekundu na bluu hawatofautiani, wamechanganyika. Jike asipoiona rangi atachaguaje? Hilo la maji kuchafuka na kuunganisha aina lilichapishwa 1997, na mimi naliona kubwa kuliko watu wanavyolichukulia. Kila mtu anamlaumu sangara. Sangara alipandwa miaka ya 1950 na 60, akalipuka miaka ya 80, na kabla yake furu walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini. Inakadiriwa aina 200 hivi zilipotea. Sawa, analaumika. Lakini mbolea, maji taka na udongo wa mashamba hufuta aina bila mtu kuona samaki aliyekufa. Wavuvi wa sangara walipoongezeka, furu wakaanza kurudi miaka ya 90, na uliowakaanga leo ni matunda ya hilo. Waliorudi si orodha ileile.

Nyar_Dunga

Hamjambo, niko Kisumu. Huku furu tunamwita fulu na sangara ni mbuta. Nataka kuongeza kuhusu ngege, maana mwalimu amempita mbio.

Ngege halisi ni Oreochromis esculentus, wa ziwa hili tangu zamani, na sato ni mgeni aliyeletwa miaka ya 1950. Wazee walimpenda ngege kuliko samaki wote. Siku hizi ukiitisha ngege hotelini unaletewa sato na hakuna anayelalamika, jina limehama. Lakini hajaisha kabisa. Yupo Ziwa Kanyaboli, Siaya, nyuma ya kinamasi cha Yala. Mafunjo yametenganisha ziwa hilo na Victoria, na maji ya kinamasi yana oksijeni kidogo ambayo mbuta haivumilii. Fulu nao wamejificha humo. Ukikausha kinamasi upate shamba, umefungua mlango.

Mwana_Ujiji

Nyie wa Victoria mna kelele ya idadi. Sisi Kigoma tuna aina 240 hivi tu za familia hii, lakini wekeni samaki wetu mezani halafu wekeni wenu. Wenu wote wametoka tumbo moja juzi. Wetu wana mamilioni ya miaka, ziwa lina umri wa milioni 9 hadi 12, na wako makundi zaidi ya kumi yasiyofanana.

Huku kuna kuhe, Boulengerochromis, anafika karibu sentimita 80, huyo ndiye mkubwa kuliko wote wa familia hii Afrika. Na kuna kadogo, jike anaingia mzima kwenye gome la konokono, anataga humo na kulea humo. Wote Cichlidae. Halafu kuna mla magamba, Perissodus microlepis: mdomo wake umepinda, wengine kulia, wengine kushoto, ili amnyemelee mwenzake toka nyuma na kung'oa gamba ubavuni. Wakizidi wa upande mmoja, samaki wanaoliwa wanalinda ubavu huo, basi wa upande wa pili wanashiba. Mjapani Hori aliliandika hilo 1993. Wavuvi wetu walikuwa wanaona mapengo ya magamba kwenye samaki siku zote.

Na kwa taarifa yenu, furu wenu na mbuna, Cichlidae wa mawe wa Nyasa, ukifuata ukoo, mnakuta jamaa zao huku kwetu.

Mwalimu_Nansio

Mwana Ujiji, la ukoo nakubali, la kelele siliwezi.

MamaShadya_Kirumba

Nimefungua vichwa asubuhi. Mfupa upo. Wengi wana meno kama vumbi, ila mmoja, mnene, mwenye njano kwenye mapezi, kimfupa chake ni kizito na meno ya mviringo. Ndiye mla konokono?

Mwalimu_Nansio

Inawezekana sana akawa Astatoreochromis alluaudi. Huyo ana kituko. Watu walimtaka ale konokono wa kichocho kwenye mabwawa, wakampanda. Kwenye bwawa lenye chakula laini alikula hicho, akaacha konokono, na vizazi vilivyokulia humo wakawa na taya jembamba la koo. Umbo la mfupa linafuata chakula alichokulia. Kwa hiyo dogo akisema meno yanatosha kumtambua samaki, mkumbushe hilo.

Mkitaka jina la uhakika, akipatikana dume aliye hai mpigeni picha papo hapo, kwa sababu rangi hupotea haraka akishakufa. Alale ubavu wa kulia, kichwa kushoto, mapezi yamefunguka, rula pembeni. Andikeni alivuliwa wapi, kina gani, kwenye mawe au matope. Baada ya picha mchemshe kichwa, mfupa uweke kwenye karatasi yenye namba ileile ya picha. Wataalamu wa utafiti wa uvuvi wako Nyegezi. Picha bila mahali alipovuliwa haiwasaidii chochote.

Chapa_Kasia

Mama Shadya, hao vichwa ulivyochemsha supu yake ipo?