Naomba ushauri: unga wa muhogo kwa mahamri

Jamani hamjambo, mie nauza mahamri na mbaazi asubuhi huku Kisauni, Mombasa, na unga wa ngano unanimaliza. Ngano yetu nyingi yatoka nje, tangu vita vya Urusi na Ukraine 2022 bei haieleweki, na nikipandisha hamri shilingi tano tu wateja wanahamia kwa jirani. Sasa muhogo si umejaa Kwale na Kilifi, nataka nichanganye unga wake. Nilijaribu nusu kwa nusu, hamri likakataa kufura, ndani likashikana, buda mmoja wa boda akaniuliza leo watuuzia mawe? Naskia ni kwa vile muhogo hauna gluteni ya kushika hewa ya hamira. Je robo itakubali, ama niongeze tui zito? Lishe sina wasiwasi sana, protini ya muhogo ni kidogo lakini mbaazi ziko. Kinachonitia hofu ni ile mihogo michungu yenye sumu ya sayanaidi, maana watoto wa shule ndio wateja wangu. Nikinunua unga ushasagwa nitajuaje kama uliloekwa na kuanikwa sawasawa, ama nisage mwenyewe?