Nimestaafu, kwilti naanzisha kila siku lakini haziishi. Nyie wenzangu mnamalizaje?

mstaafu_mpya

Habari zenu wadau wa sindano na uzi. Miaka yote ya kazi nilikuwa naweka weka vitambaa tu, mabaki ya mashati, magauni yaliyobana, mashuka yaliyochakaa katikati lakini pembeni bado mazima, najiambia siku nikitulia ntashona kwilti, lile blanketi la viraka lenye tabaka tatu. Sasa nimetulia, na kushona nashona kweli, sio kwamba nimekaa tu naangalia dirisha. Shida nashona nusu. Kabati limejaa nyuso za kwilti, yaani tabaka ya juu tu, vipande vimeunganishwa vizuri, vimepigwa pasi, vimekunjwa, halafu basi, vimelala humo. Nikishamaliza kuunganisha uso hamu inakata kabisa, naona vitambaa vingine vinavyopendezana naanza upya, na mke wangu... ah tuyaache hayo.

Naomba kujua, mnajizuia vipi kuanza mpya kabla ya kumaliza ya zamani? Mnajiwekea sheria au inakuja yenyewe? Halafu moja ni kubwa ya kitanda kipana na cherehani yangu ni ya kawaida ya nyumbani, sioni hata hilo zigo litapitaje pale chini ya mkono wa cherehani. Na la mwisho, vidole. Kidole gumba cha kulia nikikata vitambaa asubuhi jioni kinaniuma hadi kushika kikombe ni kazi. Karibuni kwa ushauri, hata wa kunisema.

---

bibi_sindano

Karibu mwenzangu, hongera kwa kustaafu mama.

Kabla ya kutafuta sheria nenda kabatini uangalie zote zimekwamia wapi. Umeshajibu mwenyewe bila kujua, zote zimekwama palepale, uso umeisha na hujaweka tabaka. Mvivu hashoni nyuso kabati zima, kwa hiyo uvivu sio tatizo lako, ila kuna hatua moja huipendi au unaiogopa, na wengi tuko hivo. Kuunganisha vipande ndo sehemu tamu, rangi zinaonekana, kila siku kuna kitu kipya. Kulaza bitana ya chini, pamba ya katikati na uso, na kupiga bandi, yaani kuzishikiza kwa muda zisiteleze, ni kazi ya mgongo na magoti na haina raha yoyote.

Kwa hiyo ishughulikie hiyo hatua peke yake. Mimi nina siku ya bandi. Siku hiyo sishoni kitu, sikati kitu, naunganisha meza mbili kwa sababu magoti ya sakafuni yalishanishinda, namwita mtu wa kunisaidia kushika upande wa pili. Bitana inalala kwanza, upande wa ndani ukitazama juu, unaivuta inyooke lakini isitanuke, unaibana kingo kwa selotepu ya karatasi. Juu yake pamba, juu ya pamba uso. Bitana na pamba ziwe kubwa kuliko uso kama sm 10 kila upande, usibanie hapo, maana ukishona tabaka zinajivuta utajikuta pembe moja bitana haifiki na utalia. Kisha pini za kufunga, zile za kujikunja, umbali wa ngumi moja moja, unaanzia katikati unaenda nje. Ukiweza fanya mbili tatu kwa siku hiyohiyo, meza si ziko tayari. Kuanzia hapo kila kwilti iliyoko kabatini ni ya kuchukua tu na kukaa kwenye cherehani, na utashangaa hamu inarudi.

Kingine, uso ukiisha usiukunje peke yake. Siku hiyohiyo ukiwa bado na hamu kata bitana yake, kata na vipande vya utepe wa kufungia kingo, weka vyote mfuko mmoja na kikaratasi kinachosema hatua inayofuata ni ipi na ulitumia uzi gani. Ukirudi baada ya miezi huna haja ya kufikiri.

---

kiraka_kimoja

Bibi sindano nakuheshimu sana lakini mi nina swali la kichokozi, nani kasema zote lazima ziishe??? Mtu katoka kwenye kazi ya ripoti na tarehe za mwisho halafu tunampa tena siku ya bandi na vikaratasi. Huyu kastaafu jamani. Kama anafurahia kuunganisha nyuso na aunganishe nyuso, hakuna bosi.

Ila kuna kitu ambacho kilinisaidia. Toa zote uzitandaze kitandani moja moja, na kila moja ujiulize kama leo ungeianza. Zile ambazo jibu ni hapana zitoke. Mpe mtu mwingine anayependa kumalizia, wapo, kuna watu kuunganisha vipande kunawachosha lakini kushona mistari wanaweza kutwa nzima. Au ukate. Ndio, KATA. Uso mkubwa ulioukinai unatoa blanketi la mtoto mchanga na mito miwili na vitandiko vya meza, na vitu vidogo hivo vinaisha kwa siku chache. Watu wanaona kama dhambi kuingiza mkasi kwenye kitu walichokiunganisha kwa mkono wao, lakini kikikaa kabatini miaka kinaharibika tu, kipi bora.

---

mstaafu_mpya

Asanteni sana, kwanza mimi ni baba sio mama 😂 ila nimezoea, dukani pia wananiuliza "mama kakutuma rangi gani".

Bibi sindano umenipata palepale, sakafu ndo adui. Nilikuwa naangalia ile kubwa nasema kesho, kesho. Na kiraka kimoja nimecheka ila nitazitandaza, kuna moja ya kahawia hata sikumbuki nilikuwa nafikiria nini.

Sasa hiyo kubwa inapitaje chini ya cherehani? Na nimegundua leo nilipoitandaza, mkanda wa pembeni umejikunja kunja, haulali, yaani katikati imenyooka lakini kingo zinacheza mawimbi. Pasi haisaidii.

---

bibi_sindano

Pole baba yangu, nisamehe, niliona ushonaji nikajua mwenzangu. Karibu sana hivohivo.

---

uzi_mweupe

Mawimbi kwanza, maana usipige bandi kabla hujayaondoa, ukishona mistari juu yake yatageuka mikunjo ya kudumu. Hayo hutokea mtu akichukua kitambaa kirefu, akakishona kuanzia pembe hadi pembe, akifika mwisho akakata kilichobaki. Kingo za uso zimeshikwa shikwa zimetanuka, na mkanda nao unatanuka unaposhona, basi unaishia na mkanda mrefu kuliko kwilti yenyewe. Fumua mkanda tu, huna haja ya kugusa mengine. Pima uso kupitia KATIKATI, sio ukingoni, pima sehemu tatu hivi, chukua wastani, kata mikanda miwili ya pande zinazotazamana iwe sawasawa kabisa kwa kipimo hicho. Bana pini katikati na mwisho kwanza, halafu kati ya hapo, na ushone ule upande uliozidi ukiwa chini ili meno ya cherehani yaupunguze taratibu. Ukishaweka hiyo miwili ndo unapima tena kwa ajili ya juu na chini. Na kama vipande vya ukingoni vilikatwa mshazari ndo kabisa vinavutika kama raba, hivo uvishike kwa adabu.

Sasa cherehani ndogo. Zigo linatisha kuliko lilivyo, kwa sababu unashona nusu tu kwa wakati mmoja. Unaanza mstari wa katikati kabisa, unaenda kulia hadi mwisho, kisha unageuza kwilti yote kichwa chini na kufanya nusu ya pili, kwa hiyo kinachopita chini ya mkono wa cherehani hakizidi nusu, na kinapungua kila mstari. Kinachochosha watu ni uzito. Kwilti ikining'inia ukingoni mwa meza inavuta sindano, mishono inakuwa midogo hapa mikubwa pale, na mabega ndo yanaumia. Sogeza meza ukutani ili isidondoke kwa nyuma, weka meza nyingine au hata ubao wa pasi kushoto kwako, ilale yote juu.

Nunua au azima ule mguu wa cherehani unaovuta tabaka ya juu sambamba na ya chini. Bila huo bitana inajikunja kwa chini na hujui mpaka ugeuze. Refusha mshono hadi mm 3 hivi, wakati wa kuunganisha vipande ulikuwa kwenye 2 au 2.5. Sindano namba 90/14, mpya, sio ile uliyounganishia uso wote.

Na kitu ambacho hakuna mtu huwaambia wapya, huhitaji kujaza mistari. Soma pakiti ya pamba, imeandikwa umbali mkubwa unaoruhusiwa kati ya mshono na mshono. Zipo zinazokubali sm 20 au hata 25, nyingine zinataka karibu zaidi zisije zikakatika ndani na kujikusanya. Mistari iliyonyooka kila sm 10 inatosha kabisa kwa kwilti ya kulalia na inaonekana vizuri. Wengi wanakwama kwa sababu kichwani wana picha ya maua na manyoya yale yanayoshonwa na mashine kubwa, wanaona hawawezi, wanaikunja.

Kama bado inakuogopesha, inayofuata ishone kwa mafungu. Kila bloku, yaani kipande kimoja cha mchoro wa uso, unaiwekea pamba na bitana yake na kuishona ikiwa ndogo, mwisho unaunganisha bloku zilizokwisha. Viungo vya nyuma vinachukua muda kuvificha ila hutabeba zigo.

---

mkono_taratibu

Nichangie kwa upande mwingine. Kuna Wasiddi wa Karnataka, India, watu ambao asili yao ni Afrika, akina mama wao wanashona kwilti zinazoitwa kawandi. Wao hawana kabisa hiyo hatua ya uso kwanza halafu tabaka baadaye. Wanatandika kitambaa cha chini, wanaanza ukingoni, wanapachika kiraka wanakishona kwa mkono kikiwa juu ya tabaka tayari, wanazunguka kingo zote nne na kuingia ndani mpaka wakutane katikati. Kiraka cha mwisho kikishashonwa kwilti imeisha, na kingo zilishafungwa tangu mwanzo. Pembeni wanaweka vile vipembe vilivyokunjwa, wanaviita phula, maua, na bila hivo wanahesabu kwilti bado haijavaa.

Nimeanza hivo na kwa kweli kabati langu halina tena nyuso. Kazi inakaa mapajani, unashona unaongea na watu.

---

bibi_sindano

Zuri sana hilo, ila huyu baba ana kidole gumba kibovu, kushona kwa mkono tabaka zote hizo si tunamuua?

---

mkono_taratibu

Kweli, hapo nakubali. Aanze na kidogo cha kukalia kiti, atumie subana, ile kofia ya kidole, na asiikabe sindano. Kitambaa cha chini kisiwe shuka lililofumwa kwa kubana sana, hilo linagomea sindano hata kwa mwenye vidole vizima. Ila kwa maelezo yake kinachomuumiza ni kukata, sio kushona.

---

uzi_mweupe

Kama ni kukata basi mkasi uutoe kwenye kazi hiyo. Tumia kile kisu cha gurudumu na rula na mkeka wake, na ubadilishe wembe mapema. Wembe butu unamfanya mtu akandamize, na gumba ndo linalipa. Simama unapokata, meza iwe karibu na usawa wa kiwiko, nguvu itoke begani. Usikate vya kwilti nzima kwa siku moja, kata vya bloku chache ushone, unyooshe vidole, urudi. Na kama kinauma hata siku ambazo hujagusa kitambaa muone daktari, hapo sio mambo ya kwilti tena.

---

mstaafu_mpya

Nimefumua mkanda. Kumbe upande mmoja ulizidi karibu upana wa vidole vitatu, ndo maana. Ya kahawia nimeipa mkasi kama ulivosema, kiraka kimoja, na mke wangu amepiga makofi, inakuwa mito.

Swali la mwisho kabla ya siku ya bandi, utepe wa kingoni nikate upana gani na pembe mnazipitaje? Niwahi kuukata uingie kwenye mfuko kama bibi alivosema.

---

bibi_sindano

Sm 6.5, unaukunja nusu kwa nusu kwa urefu na kuupiga pasi. Kwa kwilti huhitaji mshazari, kata wima tu, mshazari ni wa kingo za mviringo. Urefu jumlisha pande zote nne ongeza kama sm 30. Shona upande wa uso kwanza, kingo mbichi kwa mbichi. Ukikaribia pembe simama mm 6 kabla ya mwisho, kata uzi, kunja utepe uelekee juu ufanye mshazari, kisha urudishe chini sambamba na ukingo unaofuata, anza tena kuanzia juu kabisa. Ukiugeuza nyuma pembe inajikunja yenyewe. Nyuma wengine wanashona kwa mkono, wewe kwa hicho kidole pitisha cherehani tu, huo mshono ndo unadumu zaidi kwilti ikifuliwa mara nyingi.

Na pamba ikiwa ni pamba halisi na hujaifua itasinyaa kama asilimia 3 hadi 5 kwenye mfuo wa kwanza, kwilti itapata vile vikunjo vidogo vya kizee. Mimi navipenda, usipovitaka fua pamba kwanza kama pakiti inaruhusu. Tuwekee picha ya hiyo mito.

---

kiraka_kimoja

Mito kwanza!! kubwa ikae ikisubiri