Kikundi cha Ukoo: Safari ya Mlimani Ijumaa

Mama Neema, saa 12:40 asubuhi
Habari za asubuhi, ndugu zangu. Kwa kuwa milima ya White Mountains, kule New Hampshire, haitarajiwi kupata mvua hadi Jumatatu, na kwa kuwa watoto wamebakiwa na wiki mbili tu kabla ya shule kufunguliwa, napendekeza tutoke hapa Portland, Maine, leo hii tukalale katika kambi ya Passaconaway, kwenye barabara ya Kancamagus. Pale nafasi haziwekwi mapema; anayetangulia kufika ndiye anayelala.

Mjomba Juma, saa 12:52
Dada, wazo ni zuri, lakini mimi natoka kazini saa 11 jioni. Naomba tusubiriane ili magari yote yaongozane.

Mama Neema, saa 12:58
Tukisubiriana kama waendao harusini, tutafika usiku na kukuta kila nafasi ina hema, kisha tutalala garini kwenye maegesho ya duka, kama ilivyotupata mwaka juzi.

Shangazi Rehema, saa 1:01
Mimi sijasahau, na kiuno changu hakijasahau. Wifi, natangulia pamoja nanyi.

Mama Neema, saa 1:15
Karibu, wifi, na ulete gari lako, kwa maana nafasi mbili zinahitaji watu wa kukaa katika kila moja. Kwa wasiowahi kwenda, utaratibu ni huu: unazunguka polepole ukitazama nguzo ya kila nafasi, na ukiona nguzo isiyobanwa karatasi, unasimama hapo, unachukua bahasha kwenye ubao wa matangazo, unaandika namba ya gari na idadi ya siku, unatia fedha, unaitumbukiza kwenye bomba la chuma, kisha kipande ulichochana unakibana kwenye nguzo yako. Kuacha kiti na kuondoka hakuhesabiki. Njooni na noti ndogo, kwa sababu bomba halirudishi chenji.

Baraka, saa 1:22
Shikamoo, Mama mdogo. Nimekwisha kupakia kuni zile zilizopo nyuma ya nyumba, na buti limejaa.

Mama Neema, saa 1:25
Marahaba, mwanangu. Tafadhali zishushe. New Hampshire hairuhusu kuni za kutoka jimbo jingine, isipokuwa zilizopitishwa kwenye joto na kuthibitishwa, kwa sababu ndani ya magome hujificha bungua wa kijani anayeangamiza miti, na yeye hasafiri mbali kwa mabawa yake kama anavyosafiri kwa magari yetu. Tutanunua kulekule.

Babu (Moshi), saa 1:40
Wanangu, huku kwetu ni mchana na nimesoma yote. Je, mlima huo una wanyama?

Mama Neema, saa 1:44
Shikamoo, Baba. Wapo dubu weusi, ambao hufuata harufu ya chakula kuliko kumfuata mtu. Vyakula vyote, pamoja na dawa ya meno, vitalala ndani ya gari lililofungwa.

Babu (Moshi), saa 1:46
Marahaba. Basi na yule mtoto anayelala na biskuti mfukoni akaguliwe.

Mama Neema, saa 6:20 mchana
Nimelazimika kushuka hadi Conway, kama maili 15, ili niandike ujumbe huu, kwa kuwa kule juu simu hazishiki mtandao. Tumepata nafasi mbili, ingawa hazipakani. Ya pili tuliipata kwa sababu Shangazi alimkuta mzee mmoja akikunja hema lake, akamsaidia kung'oa vigingi, na akakaa palepale juu ya kasha la barafu mpaka mzee alipoondoa gari. Juma, jaza petroli hapa Conway, kwani ukishaingia Kancamagus hutakuta kituo hadi Lincoln. Leta pia chumvi, maana tumeisahau, na blanketi zaidi, kwa sababu usiku wa huko si usiku wa Portland hata mwezi huu wa Agosti. Sasa napanda tena.

Mjomba Juma, saa 1:10 usiku
Nimefika Conway, petroli imejaa na chumvi ninayo. Dada, namba za nafasi ni zipi?

Mjomba Juma, saa 1:19
Dada?

Baraka, saa 1:21
Mjomba, shikamoo. Nipo nyuma yako kwenye taa, na Mama mdogo hakuandika namba hata moja. Itatubidi tuzunguke polepole na tochi, tukisoma nguzo mojamoja mpaka tuone namba ya gari lake.