Wakuu, naombeni ushauri: picha za baisani (nyati wa Marekani) kwenye theluji hazitoki kali, ninunue lenzi gani?

Msafiri_Denver: Habari zenu. Januari hii nimekaa Yellowstone, hifadhi ya taifa ya Marekani, siku 3. Manyoya ya baisani yametoka kama uji, picha karibu zote. Moja tu ya Old Faithful, ile chemchemi ya maji moto inayoruka juu, ndiyo safi. Lenzi mm 150–600, kasi ya shata sekunde 1/1600, kwa hiyo si mtikisiko. Jumatatu narudi.

Babu Kamera: Anza na mwanga. Kamera ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, theluji inakuwa ya kijivu. Kwenye fidia ya mwanga ya kamera, ongeza +1 hadi +1.7.

Dada_Lenzi: Babu, shida yake ni ukali. Mkuu, ulipiga umesimama wapi?

Msafiri_Denver: Bonde la Lamar, kando ya barabara.

Dada_Lenzi: Ndani ya gari au nje?

Msafiri_Denver: Ndani. Nina mtoto mdogo na nje ni nyuzi -24, hita siwezi kuzima. Ila kioo nilishusha chote. Lenzi mpya nimeshaagiza, nilitaka tu uhakika.

Dada_Lenzi: Hita ndiyo mchawi. Joto linatoka dirishani, linakutana na baridi, hewa inacheza na kupinda mwanga. Mm 600 inakuza mchezo huo pia, na shata haiuzuii. Shuka, simama mbali na boneti, acha lenzi ipoe dakika 20, maana hata kofia yake hubeba hewa ya moto.

Nyika: Akishuka, akae mita 23 kutoka kwa baisani, 91 kwa mbwa mwitu na dubu. Ndiyo sheria. Mnyama wakati wa baridi anaishi kwa mafuta ya mwilini, ukimkimbiza kwenye theluji unammaliza.

Mkaguzi: Uzi wa kutunga huu. Januari, magari ya kawaida yanaruhusiwa barabara ya kaskazini tu, Gardiner hadi Cooke City, inayopita Lamar. Old Faithful ulifikaje?

Msafiri_Denver: Sijatunga. Nilipanda basi la theluji kutoka Mammoth, kwenye barabara hiyohiyo. Tulishuka wote, nikapiga nje.

Dada_Lenzi: Lenzi ileile?

Msafiri_Denver: Ileile.

Dada_Lenzi: Basi lenzi ni nzima, sitisha oda.

Babu Kamera: Na betri za akiba ziweke mfuko wa ndani wa koti. Ukirudi hotelini toa kadi kwanza, kamera uifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa ukiwa bado nje, usiufungue kwa saa 2. La sivyo lenzi inalowa.

Msafiri_Denver: Oda imeshatumwa. Mtoto atabaki garini na mama yake. Lenzi zote 2 nitazijaribu nje, baisani mmoja.