Hedifoni za njiani na za mazoezi: waya, za shingoni au zile ndogo za kisanduku?

kizingo_asubuhi
Assalamu aleikum wanabaraza. Nataka kununua hedifoni kabla mwezi haujaisha. Ziwe za kazi zote: redio na mawaidha nikiwa njiani, na kukimbia asubuhi. Bei nafuu. Nimezunguka maduka ya Digo Road hapa Mombasa na kila muuzaji asifia yake. Zipi bora?

fundi_tudor
Waaleikum salaam. Nafuu ni ngapi? Humu kuna mtu nafuu yake ni mia tano na mwengine elfu sita. Simu gani? Ina tundu la waya? Wakimbilia barabarani au jimu? Na masikio yako hushika zile za kuingia ndani, au ukicheka tu zimedondoka? Bila hayo tutakupigia ramli.

Mlikoni
Chukua za waya umalize. Hazitaki chaji, zikipotea hulii. Mimi navuka feri nazo kila siku.

bi_shemeji
@Mlikoni, za waya feri ya saa moja asubuhi? Mkoba wa mtu ukinasa ule waya, simu yaondoka na mkoba. Pengine wewe wavuka saa nne watu wameshapungua.

Mlikoni
Waya hupitishwa ndani ya shati, shemeji.

kizingo_asubuhi
Niwape yaliyosalia. Bajeti elfu tatu, nikibanwa sana elfu tatu na nusu. Simu ni Samsung, haina tundu la waya. Nakimbia Mama Ngina, ile barabara ya kando ya bahari, kutoka Lighthouse mpaka upande wa feri na kurudi. Kazi yangu iko Changamwe, naenda kwa matatu.

fundi_tudor
Hapo waya umeshapoteza nguvu. Utahitaji kile kiunganishi cha USB-C, na viunganishi si vyote sawa. Kuna ambavyo ndani ni nyaya tupu, na kuna vyenye chipu ya kugeuza sauti. Samsung nyingi zisizo na tundu zataka chenye chipu. Ukinunua kile cha bei ya chini kabisa, utachomeka na simu isitoe hata mlio, kisha urudi dukani kugombana. Chomeka palepale, usikilize, ndipo ulipe.

kaskazi
Ongeza pesa kidogo uchukue Sony WH-CH520. Chaji moja saa 50. Utasahau kama kuna kitu kinaitwa chaja.

bi_shemeji
Ameambiwa elfu tatu na nusu, yeye asema ongeza kidogo! Hicho kidogo utamtumia wewe kwa M-Pesa?

fundi_tudor
Na hata akitumiwa. Hizo ni nzuri ofisini, lakini hazina kiwango chochote cha kuzuia maji. Joto letu hili, mtu akimbie na mito ya ngozi bandia masikioni! Ile ngozi hunywa jasho, ikaanza kubanduka vipande vyeusi, na wewe wazunguka mjini na weusi shavuni.

mzee_wa_redio
Vijana, Koss Porta Pro ziko sokoni tangu 1984 na umbo lake ni lilelile. Mito ni sponji, ikichakaa wabadilisha. Nyepesi, zakunjika, sauti yake ina uhai. Sijasikia za bei hiyo zinazozishinda.

kizingo_asubuhi
Mzee wangu shikamoo. Simu yangu haina tundu.

mzee_wa_redio
Marahaba. Badilisha simu.

Nyota_Bamburi
Ngojeni niwaambie kisa changu na hizi za kisanduku, zile ndogo zisizo na waya zinazochajiwa kisandukuni, labda kitamfaa ndugu yetu. Nalinunua pea moja katika duka moja mjini, jina nalihifadhi. Boksi limefungwa vizuri, stika inang'aa, muuzaji aniapia ni orijino. Ubavuni mwa boksi imeandikwa haiingii maji. Nikawa nakimbia nazo ufuoni, za kwangu ni za jasho tu, sikuziingiza baharini hata siku moja. Kidogo kidogo upande wa kushoto ukaanza kukataa chaji. Naweka kisandukuni, taa yawaka, nikitoa imekufa. Nikaisukuma, nikaipuliza, wapi. Baadaye na kulia ikaanza kushika sauti na kuiachia, msemaji nampata nusu ya neno.

Nikarudi dukani na risiti. Yule aliyeniapia akaiangalia kwenye mwanga, akasema, "Dada, hii imeingia maji." Nikamwambia si mliandika haiingii maji? Akajibu waranti haihusu maji. Nikamuuliza basi waranti yahusu nini? Akaniambia ningojee bosi arudi kutoka sala ya adhuhuri. Nikangoja. Bosi akaja, naye akaniuliza kama nataka kuongeza pesa nichukue nyengine. Wallahi niliondoka kabla ulimi haujaniponyoka. Tangu hapo mimi ni za shingoni tu, zile zenye ukanda wa kuvaa shingoni.

fundi_tudor
Pole dadangu. Yaliyokufika nayaona mezani kwangu kila mara. Jasho lina chumvi. Vile vipini vidogo vya shaba vya kupokea chaji hufanya kutu ya kijani, chaji haipiti. Betri yenyewe huwa nzima kabisa. Dawa yake ni kuvifuta kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza zoezi, kabla ya kurudisha kisandukuni. Usiweke zikiwa mbichi, maana kisanduku chenyewe mara nyingi hakikingwi na maji.

Kuhusu maandishi ya boksi: IPX4 maana yake zastahimili kurashiwa maji kutoka kila upande, yatosha kwa jasho. IPX7 ni kuzama mita moja kwa nusu saa, lakini kipimo hicho hufanywa kwa maji baridi, si ya bahari. Ile X yaonyesha vumbi halikupimwa. Ukiona boksi limeandika "haiingii maji" bila namba yoyote, hayo ni maneno ya muuzaji tu.

kaskazi
Za shingoni ni za wazee.

Nyota_Bamburi
Na wazee hawanunui mpya kila baada ya miezi michache. Betri iko shingoni, ni kubwa kuliko vile vidonge vya sikioni, na zikichomoka zabaki zimening'inia. Za kisanduku zikichomoka pale Nyali Bridge ukiwa kwenye tuktuk, huzioni tena.

bi_shemeji
Mie nashangaa hakuna anayetaja usalama. Mtu aziba masikio yote mawili halafu akimbie barabarani? Bodaboda za siku hizi zaja upande wowote zitakao. Nimeona kijana pale Kizingo aliponea chupuchupu, na hata hakujua.

Mlikoni
Weka sikio moja tu.

kaskazi
Au za mfupa, zile zinazopitisha sauti kwenye mfupa wa shavu, kama Shokz. Sikio linabaki wazi.

fundi_tudor
Shokz za kweli zimepita bajeti yake mbali. Na zile za bei poa zilizoandikwa "za mfupa", nyingi ni vispika vidogo vinavyoelekezwa sikioni, hazitikisi mfupa wowote. Si mbaya kwa kukimbia, ila asiuziwe jina. Tena kusi likivuma pale Mama Ngina, masikio wazi utasikia upepo na mawimbi, mawaidha utayakisia.

bi_shemeji
Heri akisie mawaidha kuliko kusomewa dua ya maiti mapema.

Mlikoni
😂😂

kizingo_asubuhi
Na kwenye matatu? Zile za Changamwe muziki wake mwajua. Nikiongeza sauti nishinde wa gari, kichwa chaniuma.

fundi_tudor
Hapo usishindane. Shirika la Afya Duniani lasema sauti ya desibeli 80 mwisho saa 40 kwa wiki, na kila ukipandisha, muda salama wapungua kwa kasi. Tafuta raba, zile za nchani zinazoingia sikioni, zinazokaa sawasawa. Zikiziba vizuri, kelele ya nje yapungua na hutahitaji kupandisha sauti. Watu wengi hunilalamikia hedifoni haina besi, kumbe ametumia raba za katikati zilizokuja zimevishwa na sikio lake lataka ndogo au kubwa. Jaribu zote tatu.

mzee_wa_redio
Tatizo ni hizo matatu. Zamani ulikuwa wapanda gari, wasalimiana na jirani, wapata habari za harusi na za msiba.

kaskazi
Mzee, siku hizi hizo habari ziko kwenye grupu.

Mlikoni
Matatu bila muziki nani atapanda? Nyinyi ndio mnaopanda tuktuk kisha mwalalamika nauli.

bi_shemeji
Mimi napanda iliyo kimya, hata ikiwa imechakaa.

Nyota_Bamburi
@kizingo_asubuhi, achana na lami. Njoo ukimbie ufuoni huku Bamburi, hakuna boda, utavaa unachotaka.

fundi_tudor
Si kila alfajiri. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, saa kumi na mbili asubuhi maji bado yako juu, mchanga mgumu wenyewe haujatokeza. Kupwa ni kama saa nne, na saa nne jua la nani? Zile siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, ndio hupata pa kukimbia mapema.

Nyota_Bamburi
Kweli, lakini ukishuka ufuo wa Pirates kuna sehemu pana hata maji yakijaa.

kaskazi
Pirates Jumapili? Utakimbia au utaruka watu?

kizingo_asubuhi
Jamani, nirudi kwangu kidogo. Nimeelewa: namba ya IPX4 au zaidi, raba za saizi tofauti, nijaribu palepale. Naelekea za shingoni, ingawa dada yangu mdogo asema hatatembea na mimi nikizivaa. Nitapita Mwembe Tayari Jumamosi. Swali moja: za shingoni, maiki yake ikoje kwa simu za kazini? Bosi wangu hupenda kupiga nikiwa bado nakimbia.

Nyota_Bamburi
Ndani ya nyumba ni safi. Nje kukiwa na upepo atasikia bahari zaidi yako.

Mlikoni
Za waya ungeishika maiki kwa mkono ukaisogeza mdomoni.

kizingo_asubuhi
Mlikoni, tundu sina!

mzee_wa_redio
Nimeshasema, badilisha simu.