Tupeane uzoefu: mnatafutaje hekima ya Mungu kwenye mambo ya kila siku?

Katibu_Mbale
Bwana asifiwe wapendwa. Ushuhuda tunausikia kila Jumapili, kwa hiyo hapa naomba tuuweke pembeni. Nataka njia: unafanya nini, kwa mpangilio upi, na watu hukosea wapi. Yakobo 1:5, aliyepungukiwa na hekima na aombe kwa Mungu, tunaijua kwa kichwa. Tunaomba, tunasema amina, halafu asubuhi mtu anatia sahihi mkopo ambao karatasi yake hajaisoma. Kati ya amina na sahihi panatakiwa nini? Wenye uzoefu wa vikundi vya akiba, ardhi, ndoa na karo, karibuni.

Mzee wa Arua
Anza na kitabu cha Mithali. Kina sura 31, ndiyo maana wengi husoma sura kwa tarehe: leo tarehe 12, sura ya 12. Utaratibu mzuri, ila una mashimo. Mwezi wa siku 30 sura ya 31 inarukwa, na Februari ya siku 28 zinarukwa tatu, basi zifidie siku ya mwisho. Halafu kitabu chenyewe hakisomwi kwa mwendo mmoja. Sura 1 hadi 9 ni mafundisho marefu ya baba kwa mwana. Kila moja isome nzima bila kukatiza. Kuanzia 10 hadi 29 karibu kila mstari unajitegemea, na ukimeza mistari thelathini alfajiri, saa nne hukumbuki hata mmoja. Chagua mmoja. Uandike kwenye daftari, chini yake andika jambo moja la leo unaloligusa: deni fulani, mteja fulani, neno ulilokuwa unataka kumjibu jirani. Jioni weka alama tu, umetii au hukutii.

Kosa kubwa ni kuufanya mstari hirizi. Tazameni 26:4 na 26:5. Wa kwanza unakataza kumjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake. Unaofuata unaagiza umjibu. Imewekwa pamoja makusudi. Unalazimika kumwangalia aliye mbele yako: akijibiwa atajifunza, au atakuvuta matopeni? Hakuna mstari utakaokufanyia kazi hiyo.

Mhazini_Busia
Mimi nizungumzie udhamini wa mikopo, maana huko ndiko walokole tunakoumia kwa kuona haya. Mithali inauonya tena na tena (6:1-5, 11:15, 17:18, 22:26-27), lakini ndugu wa kanisani akija na fomu tunashika kalamu.

Pigeni hesabu kabla ya kuombea. Vikundi vingi vya akiba hukopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama. Mwenye akiba ya 500,000 anapata 1,500,000. Riba ikiwa asilimia 10 kwa mwezi juu ya mkopo wote, kwa miezi 3 ni 450,000, jumla 1,950,000. Akishindwa kabisa, akiba yake inakatwa kwanza, inabaki 1,450,000. Wadhamini wakiwa wawili, kila mmoja 725,000, na itatolewa kwenye mgao wako wa mwisho wa mwaka, ule uliokuwa umeshaupangia mabati. Iandike hiyo 725,000 kwenye karatasi, uiweke mbele yako, ndipo uombe. Swali ni moja: ndugu huyu angeniomba kiasi hiki leo kama msaada, ningempa? Kama jibu ni hapana, usitie sahihi.

Umeshatia? Mithali 6:3-4 inasema nenda ukajinyenyekeze, wala usilale. Kwa kikundi maana yake ni hii: kabla sanduku halijafunguliwa na pesa kuhesabiwa, simama mbele ya wanachama useme unajitoa. Aibu ni ya dakika mbili. Pesa ikishatoka, njia iliyobaki ni kwenda wewe pamoja na mkopaji kuomba ratiba mpya, na muende kabla ya rejesho la kwanza kukosekana. Wengi huja likishakosekana la tatu, wakati kikundi kizima kimeshakasirika.

Kukataa udhamini hakukukatazi kutoa. Mpe 50,000 taslimu kwa moyo mweupe, isiingie daftari lolote.

Dada_Lira
Mhazini, nisamehe, lakini mkihesabu hivyo imani iko wapi? Si Mungu ndiye mpaji?

Mpima_Mukono
Dada, soma Yoshua 9. Wagibeoni walijifanya watu wa mbali, wakaja na mkate mkavu wenye ukungu, viriba vilivyopasuka na viatu vyenye viraka. Wakuu wa Israeli wakaangalia chakula, wakaridhika, wakaapa kuwaacha hai bila kutaka shauri kwa Bwana. Sura hiyo huhubiriwa kuhusu kutoomba, na ni kweli. Ila hakuna pia aliyetuma mtu kwenda kutazama walikotoka! Siku tatu tu baadaye ikajulikana ni majirani. Nehemia, aliyejenga upya ukuta wa Yerusalemu, alifanya yote mawili: aliomba tangu Kisleu hadi Nisani, kama miezi minne, na alipofika Yerusalemu alizunguka ukuta usiku na watu wachache kabla hajamwambia mtu mpango wake.

Sasa leteni hilo kwenye kiwanja. Omba, kisha tembea. Nenda mara mbili, na moja iwe baada ya mvua kubwa. Usiangalie kiwanja peke yake. Angalia kuta za nyumba za jirani. Kama rangi imebadilika kwa mstari mmoja ulionyooka, sawa na urefu wa goti, hapo maji hukaa. Mafunjo yakiwa karibu, uliza kama ni eneo la kinamasi hata kama muuzaji ameshamwaga udongo. Ongea na majirani wa pande zote nne, kila mmoja peke yake, umuulize mpaka uko wapi na nani amewahi kuudai. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ni shahidi muhimu, lakini muhuri wake haukupi hati. Hati itafutwe kwenye ofisi ya ardhi. Kibanja (sehemu ya mkaaji) kwenye ardhi ya mailo (ardhi yenye hati ya mtu mwingine) kinataka ridhaa ya mwenye mailo, na uone risiti za busuulu, yaani kodi ya mwaka anayolipwa mwenye mailo. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya 1998 inataka pia ridhaa ya mume au mke kwa ardhi ya familia. Muuzaji anayesema "mke wangu hana shida" bila kumleta, mshukuru uondoke.

Mkristo huanguka kwenye neno "nimepata amani". Amani unaweza kuipata kwa sababu umechoka kutafuta.

Mama_Kabale
Nyongeza kwa alichosema Mpima, kuhusu washauri. Huku kwetu, tangu uamsho wa miaka ya 1930, ndugu wa ushirika wamezoea kuleta jambo nuruni: unasimama kati ya wenzako unasema unachokusudia, wao wanakuuliza. Ni mila nzuri, mradi usiiharibu kwa mambo mawili. La kwanza, kuwachagua wa kukuunga mkono. Mfalme Rehoboamu aliomba apewe siku tatu za kufikiri, akawauliza wazee, akawauliza vijana aliokua nao, kisha akafuata lile ambalo tayari alilitaka. Makabila kumi yakaondoka (1 Wafalme 12). La pili, kufungua mazungumzo kwa "Mungu ameniambia". Ukishasema hivyo nani atathubutu kukupinga? Umeomba kupigiwa makofi.

Tafuta watu watatu: aliyewahi kufanya jambo hilo, atakayeumia likiharibika (mara nyingi ni mwenzi wako, na ndiye huulizwa mwisho), na asiyefaidika hata kidogo. Waone kila mmoja mbali na mwenzake. Wape maelezo yaleyale, pamoja na kiasi cha pesa chenyewe. Upande wako usiutaje hadi wamalize. Wakitofautiana, usihesabu kura. Uliza ni jambo gani mmoja analijua ambalo wengine hawalijui.

Katibu_Mbale
Na unabii? Maana huko nako watu wameuza ng'ombe.

Mzee wa Arua
1 Wakorintho 14:29: manabii waseme wawili au watatu, na wengine wapambanue. Ujumbe unaokataa kupambanuliwa umejihukumu wenyewe. Ukiambiwa tuma "mbegu", yaani sadaka, kwa simu kabla ya usiku wa manane, lala kwanza. La Mungu litakuwepo asubuhi.

Mama_Kabale
Kwa ndoa niseme kidogo tu. Anayesuluhisha akumbuke Mithali 18:17, ajiteteaye kwanza huonekana kuwa ana haki. Sikiliza wote wawili, kwa muda uleule, na swali liwe "ulisema nini?", kwa sababu "kwa nini ulisema?" huzaa hotuba. Usiamue kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Halafu saa: Abigaili alirudi usiku akamkuta mumewe Nabali amelewa, hakumwambia neno hata kukapambazuka (1 Samweli 25:36-37). Njaa, pombe na usiku, mambo matatu ya kuahirishia kikao.

Dada_Lira
Nimewaelewa. Basi karo. Muhula unafunguliwa na nyumba inakuwa kama msiba.

Mhazini_Busia
Luka 14:28, kaa kwanza uhesabu gharama. Kinachowaangusha wazazi kwa kawaida ni yale ya pembeni, kwa sababu karo yenyewe wanaijua. Chukua barua ya shule ya muhula uliopita, orodhesha kila kitu nje ya karo: rimu za karatasi, fagio, sukari, karatasi za choo, sabuni, sare, nauli ya kwenda na kurudi. Jumlisha, gawanya kwa wiki zilizobaki, na vile visivyooza nunua kimoja kimoja kuanzia Oktoba, maana Januari mwishoni kila duka linajua unahitaji. Pesa ya karo isikae kwenye simu moja na pesa ya matumizi. Na kama haitafika, nenda kwa mhasibu wa shule wiki mbili kabla ya kufungua, ukiwa na nusu mkononi na tarehe za kulipa zilizoandikwa. Siku ya kufungua langoni hakuna anayesikiliza mtu.