Mjadala: Je, dereva mkongwe anayerudi Formula 1 ana nafasi ya kweli ya kushinda?

MLETA MADA

Wanajukwaa, naleta hoja ambayo huzuka kila dereva aliyekwisha kustaafu anapotangaza kwamba anarudi: je, mkongwe wa namna hiyo ana nafasi ya kweli ya kushinda, au timu huwa inanunua jina tu? Ili tusizunguke mbuyu, napendekeza tuanze na kesi ambayo kila upande huitumia kama ushahidi wake, yaani Michael Schumacher na misimu yake mitatu ndani ya Mercedes, kuanzia 2010 hadi 2012.

Kwa wale ambao hawakuifuatilia, mambo yalikwenda hivi. Schumacher aliaga mwishoni mwa 2006 akiwa bingwa wa dunia mara 7 na mshindi wa mbio 91. Mwaka 2009, dereva wao Felipe Massa alipoumia kichwani katika mchujo (mizunguko ya kupanga nafasi za kuanzia mbio) wa Hungaria, Ferrari walimwomba Schumacher azibe pengo, lakini shingo aliyoiumiza Februari mwaka huohuo kwa kuanguka na pikipiki ikamkatalia. Desemba akasaini na Mercedes, waliokuwa wameinunua timu ya Brawn ikiwa imetoka kutwaa ubingwa, na iliyoongozwa na Ross Brawn yuleyule aliyefanya naye kazi Benetton na Ferrari. Alianza msimu akiwa na umri wa miaka 41. Alimaliza wa 9 mwaka 2010, wa 8 mwaka 2011 na wa 13 mwaka 2012. Hakushinda hata mbio moja, na jukwaani alipanda mara moja tu, alipokuwa wa tatu Valencia mwezi Juni 2012.

Wengi wakishasoma takwimu hizo hufunga jalada: umri umemshinda. Mimi naamini umri ulichukua sehemu yake, lakini sehemu kubwa zaidi ilichukuliwa na kanuni. Schumacher wa Ferrari hakuwa dereva wa Jumapili, siku ya mbio, peke yake. Ferrari walikuwa na uwanja wao wa Fiorano, jirani kabisa na kiwanda cha Maranello, na uwanja wa Mugello nao ni mali yao. Kati ya mbio moja na nyingine gari lilizungushwa huko, likafunguliwa, likarekebishwa, likazungushwa tena, na Bridgestone wakatengeneza matairi kwa kuisikiliza Ferrari kuliko timu nyingine yoyote, kwa kuwa wapinzani wake wakubwa walitumia Michelin. Dereva mwenye pumzi ya kufanya kazi hiyo siku nzima bila kuchoka, na mwenye uwezo wa kumweleza mhandisi kwa usahihi kile gari linachofanya katikati ya kona, alikuwa anajijengea ushindi hata kabla taa za kuanzia hazijazimwa.

Aliporudi alikuta nyumba imehamishwa. Majaribio katikati ya msimu yalikuwa yamepigwa marufuku, matairi yalikuwa ya aina moja kwa timu zote, na kuanzia 2010 kujaza mafuta katikati ya mbio kuliondolewa, kwa hiyo gari lilianza likiwa limebeba mafuta yote, na ule mtindo wake wa kukimbia kwa kasi ya mchujo kutoka kusimama kumoja hadi kwingine ukakosa mahali. Mwaka 2011 yakaja matairi ya Pirelli yaliyotengenezwa makusudi yachakae upesi, ambayo humwadhibu anayeyalazimisha na kumtuza anayeyabembeleza.

Mlinganisheni na Niki Lauda. Lauda aliondoka Septemba 1979, akarudi na McLaren mwaka 1982, akashinda katika mbio zake za tatu tu, pale Long Beach, na mwaka 1984 akawa bingwa kwa kumpita mwenzake wa timu, Alain Prost, kwa nusu pointi: 72 dhidi ya 71.5. Prost alikuwa mdogo kwake kwa miaka 6 na alimzidi kasi katika mchujo, lakini silaha ya Lauda ilikuwa hesabu, yaani kujua ni lini asukume na ni lini atosheke na nafasi ya pili, na silaha hiyo hakuna kanuni inayoweza kuipiga marufuku. Ndiyo maana nasema swali la kumuuliza mkongwe anayerudi si ana miaka mingapi, bali ni kitu gani kilichokuwa kinampa ushindi zamani na kama kitu hicho bado kipo.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mleta mada, umejenga hoja yako vizuri, lakini umemruka mtu mmoja, na huyo ndiye anayeibomoa. Nico Rosberg, mwenzake Schumacher ndani ya Mercedes, aliendesha gari lilelile, kwa matairi yaleyale, chini ya marufuku ileile ya majaribio. Mwaka 2010 alipata pointi 142 na Schumacher 72. Mwaka 2011 ilikuwa 89 kwa 76, na mwaka 2012 ikawa 93 kwa 49. Kanuni zilikuwa ngeni kwa wote wawili, kwani kujaza mafuta kulikoondolewa 2010 kuliondolewa kwa Rosberg pia. Isitoshe, Aprili 2012 Rosberg alishinda Uchina, ukiwa ushindi wa kwanza wa timu ya Mercedes tangu 1955, kwa hiyo gari hilo halikuwa gari bovu lisiloweza kumfikisha mtu popote.

Kuhusu umri, naomba tusiusemee kwa ujumla, tuangalie unagusa wapi. Kasi ya mzunguko mmoja hubaki kwa muda mrefu. Kinachopungua ni ile sekunde ndogo ya kupima umbali pale gari la mbele linapokanyaga breki mapema kuliko ulivyotarajia. Singapore mwaka 2011 Schumacher alimgonga Sergio Pérez kwa nyuma; Singapore mwaka 2012 akamgonga Jean-Éric Vergne kwa nyuma, akaadhibiwa nafasi 10 katika mbio zilizofuata za Japani. Kati ya hizo mbili kuna ajali ya Hispania mwaka 2012, alipomvaa Bruno Senna. Na kabla ya zote kuna Hungaria 2010, alipomsukuma Rubens Barrichello karibu na ukuta katika mstari ulionyooka, wote wawili wakiwa katika kasi ya juu kabisa, kwa ajili ya nafasi ya 10 yenye pointi moja. Hayo si makosa ya mtu aliyenyimwa uwanja wa Fiorano.

Na Lauda, ndugu yangu, alikuwa na miaka 32 aliporudi. Prost, ambaye hukumtaja kama mkongwe aliyerudi lakini najua utamleta, alipumzika mwaka 1992 na kutwaa ubingwa wa 1993 akiwa na miaka 38, ndani ya Williams lililokuwa gari bora kuliko yote kwa mbali. Hao huwezi kuwaweka katika mizani moja na mtu aliyerudi akiwa na miaka 41 baada ya misimu mitatu mizima nje.

MCHANGIAJI WA PILI, KUTOKA NAKURU

Naomba niwatoe kidogo kwenye lami, maana sisi tunaoishi karibu na Naivasha tumeyaona haya kwa macho mengine. Kwa zaidi ya miaka 30, mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote kushinda raundi ya ubingwa wa dunia wa mbio za magari za masafa (rali) alikuwa Björn Waldegård wa Uswidi, na rekodi hiyo aliiweka hapa Kenya, katika Safari Rally ya 1990, akiwa na miaka 46 ndani ya Toyota Celica. Ulikuwa ushindi wake wa nne wa Safari, baada ya 1977, 1984 na 1986. Aliyeivunja ni Sébastien Loeb, aliyekwisha kuacha kushiriki misimu mizima tangu 2012 akiwa na mataji 9, akarudi Monte Carlo Januari 2022 akiwa na miaka 47, katika gari la Ford lenye injini ya mseto ambalo lilikuwa likishindana kwa mara ya kwanza, na mwelekezi wake Isabelle Galmiche akiwa mwalimu wa hisabati kwa kazi yake ya kila siku. Alimshinda Sébastien Ogier kwa sekunde 10.5, baada ya tairi la Ogier kupasuka katika mkondo wa pili kutoka mwisho.

Kwa nini huku wazee hufua dafu? Kwa maoni yangu ni kwa sababu dereva wa Safari hashindani bega kwa bega na mtu mwingine. Anashindana na saa na barabara. Safari ya zamani ilikuwa ya maelfu ya kilomita kwenye barabara zilizoachwa wazi, na aliyeshinda ni yule aliyejua kulitunza gari kwenye mawe na kwenye lile vumbi laini kama unga linaloficha mashimo. Ujuzi wa aina hiyo huongezeka kwa miaka. Lakini natahadharisha pia upande wangu mwenyewe: Loeb alishiriki raundi nyingine mwaka huohuo, ikiwemo Safari, na hakushinda tena. Ogier naye alitwaa taji lake la 9 mwaka 2025 bila kushiriki raundi zote, Kenya hakuja. Siri ya wakongwe wa huku ni kuchagua. Formula 1 haikupi nafasi ya kuchagua: msimu wa 2025, kwa mfano, ulikuwa na mbio 24, na ukikosa moja kiti kinapata mwenyewe.

MCHANGIAJI WA TATU

Mjadala huu unamsahau anayelipa gharama, naye ni kijana aliyekaa benchi. Alpine walimrudisha Fernando Alonso mwaka 2021. Mwaka huohuo Oscar Piastri, kijana wao wenyewe, akatwaa ubingwa wa Formula 2, daraja lililo chini ya Formula 1, na zawadi yake ikawa kukaa mwaka mzima wa 2022 kama dereva wa akiba. Tarehe 1 Agosti 2022 Alonso akatangaza anakwenda Aston Martin. Kesho yake Alpine wakamtangaza Piastri, Piastri akakanusha hadharani, na mwanzoni mwa Septemba bodi inayotambua mikataba ikaamua kwamba ni mali ya McLaren. Timu iliyotaka kuwa na mkongwe na kijana kwa pamoja ikawakosa wote wawili.

Nimtaje na Robert Kubica, ingawa kesi yake ni ya peke yake kwa sababu ya majeraha ya mkono aliyoyapata katika ajali ya mwaka 2011. Aliporudi na Williams mwaka 2019, George Russell alimshinda katika kila mchujo wa msimu mzima, mara 21 kwa 21. Pointi pekee ya Williams mwaka huo, hata hivyo, aliipata Kubica, pale Ujerumani, baada ya magari mawili yaliyomtangulia kuadhibiwa. Mwenye akili na aamue hiyo ni hoja ya upande gani.

MLETA MADA

Nawashukuru wote, hasa ndugu wa Nakuru, maana habari ya Waldegård nimeipata kwake. Kwa mchangiaji wa tatu nitasema hivi: Alpine hawakumpoteza Piastri kwa sababu ya kumwajiri mkongwe, walimpoteza kwa sababu hawakuandika mkataba ulioshika. Na huyo Alonso aliyeondoka alipanda jukwaani mara 8 mwaka 2023 na Aston Martin, akamaliza wa nne duniani, akiwa ametimiza miaka 42 katikati ya msimu.

Kwa mchangiaji wa kwanza nina neno refu kidogo, kwa sababu pointi zake za Rosberg ni za kweli ila zinasomwa vibaya. Pengo la 2010 lilikuwa pointi 70, la 2011 likawa 13. Mtu anayeliwa na umri hapandi, hushuka. Tukija 2012, ambako pengo linarudi, fungueni mbio moja baada ya nyingine. Australia giaboksi lilimfia akiwa wa tatu. Uchina, siku ileile Rosberg aliyoshinda, Schumacher alikuwa anamfuata katika nafasi ya pili hadi alipoingia kubadilisha matairi, akatolewa kabla gurudumu halijakazwa sawasawa, na mbio zake zikaishia hapo. Monako alisimama kwa tatizo la mfumo wa mafuta. Kanada bawa la nyuma, lile linalofunguliwa kuongeza kasi, lilikwama likiwa wazi. Ukiongeza ajali ya Hispania, ambayo sibishi kwamba ni yake, unapata mbio 5 kati ya 7 za mwanzo ambazo hakuzimaliza, na 4 kati ya hizo zilitokana na gari au mafundi. Baada ya mbio hizo 7 alikuwa na pointi 2.

Kisha kuna mchujo wa Monako wa mwaka huohuo. Huo ndio uwanja ambao kosa la sentimita chache hukupeleka kwenye vyuma vya pembeni, na ndiko tungetarajia macho na miguu ya mtu wa miaka 43 vimsaliti. Alikuwa na muda bora kuliko madereva wote. Hakuanza wa kwanza kwa sababu alikuwa na adhabu ya nafasi 5 kutoka Hispania, kwa hiyo alianza wa sita, lakini saa haikuangalia adhabu. Namwomba mchangiaji wa kwanza anieleze umri ulikuwa wapi Jumamosi ile.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Nilikwisha kusema kwamba kasi ya mzunguko mmoja hubaki, na Monako ya Jumamosi ni mzunguko mmoja, dereva akiwa peke yake barabarani. Nakubali bahati ya gari ilimnyima pointi nyingi mwaka ule, na mtu akiniambia angemaliza juu ya nafasi ya 13 sitabisha. Lakini timu inapofikiria kuongeza mkataba haiangalii Jumamosi moja. Inaangalia kama itakuwa na gari zima Jumapili. Ajali ya Vergne ilitokea miezi minne baada ya Monako, tarehe 23 Septemba 2012. Mercedes walikuwa na data zote ambazo mimi na wewe hatuna, za breki, za usukani na za kila kona ya misimu mitatu, na tarehe 28 Septemba wakatangaza kwamba kiti hicho amepewa Lewis Hamilton, mwenye umri wa miaka 27.